Mashine Isiyopiga Hodi

Mama alitoa sharti lake akiwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni na ule mwingine, wenye bega bovu, ukining'inia. Alisema tukimpatia kitu cha kukatia nyasi ambacho ataweza kukisukuma mwenyewe, atabaki nyumbani kwake Uriri na hatutamsikia akilalamika tena. Tukishindwa, atafunga nyumba aje kuishi nami Homa Bay, katika kile chumba cha wageni ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Hilo la ukuta aliliongeza yeye, na alilisema polepole ili liniingie.

Mimi ndiye niliyetaka aje. Nauza dawa mjini, na kazi hiyo humfanya mtu aamini kwamba kila tatizo lina kisanduku chake kwenye rafu, ukitafuta vizuri. Kisanduku cha Mama, kwa maoni yangu, kilikuwa Homa Bay, ambako ningemwona asubuhi na jioni, na akianguka ningesikia kishindo. Nilimwambia hivyo mara nyingi. Kule Uriri, nilisema, unaweza kuanguka nyuma ya nyumba ukalala hapo mpaka jua litue, na hakuna mtu atakayejua. Alikuwa akinisikiliza kwa heshima, kisha ananiuliza kama nimekula.

Kilicholeta haya yote ni nyasi. Baba alipokuwa hai, uwanja wa dala, yaani boma letu, ulikuwa umenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Kila Jumamosi alitoka na fyekeo, akaanza langoni na kumalizia mlangoni, na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia kwa sababu sote tulikata vibaya. Alipofariki, Mama alilichukua lile fyekeo hata kabla saruji ya vigae vya kaburi haijakauka, na miaka ikapita. Halafu bega likakataa. Tukaajiri vibarua, nao wakawa wanakata mbele tu, pale mpita njia anapoona, na nyuma wakaacha. Msimu wa mvua nyingi ulipokuja, nyasi za nyuma zikafika magotini, na siku moja kifutu akaonekana amejikunja karibu na tangi la maji.

Aliyemuua ni mama mdogo, mke wa ndugu yake baba, ambaye nyumba yake imetenganishwa na ya Mama kwa ua wa miti tu. Alimpiga kwa jembe, kisha akasimama pale pale akamfokea Mama kwamba nyasi zake zinafuga nyoka wa kuwamaliza vifaranga vya watu. Hawa wawili wameolewa katika boma moja tangu wakiwa wasichana, na sijawahi kuona wiki ikipita bila wao kugombana. Kuku wa mmoja hula mboga za mwingine, na mbuzi wa mwingine hulipiza. Lakini siku hiyo mama mdogo alitumia neno ambalo halikupaswa kutumiwa. Alisema nyumba imeanza kuwa gunda. Gunda ni mahame, boma ambalo wenyewe wamekwisha na nyasi zimechukua nafasi yao. Mama hakula jioni hiyo. Kesho yake ndipo alipotupigia simu akatuita, na ndipo akasimama mlangoni akatoa sharti.

Mume wangu alisema ni jambo rahisi, anunuliwe mashine ya umeme. Tunayo moja hapa kwetu Homa Bay, kwa kile kipande cha nyasi kilicho mbele ya nyumba, ambacho ukikitandikia mikeka michache kimekwisha. Ni nyepesi, haina moshi, na unaichomeka tu kwenye soketi kama pasi. Mume wangu huisifu kwa wageni. Kile asichowaambia ni kwamba aliwahi kuukata waya wake mwenyewe, siku ambayo alikuwa akikata nyasi huku akibishana na mtu kuhusu mpira. Mashine ilinyamaza, redio ya jikoni ikanyamaza, friji ikanyamaza, naye akabaki amesimama katikati ya uwanja, mpini mkononi, akiitazama mashine kana kwamba imemtukana. Tangu hapo waya una kiraka cha utepe mweusi.

Kwa Mama soketi iko moja, ukumbini. Waya ungelazimika kutoka dirishani, uzunguke kaburi la baba, uupite mpapai, ufike mpaka kwenye ua wa mama mdogo, na wakati wote huo mawingu ya Uriri yasikusanyike, maana yakikusanyika tu stima inapotea. Mama alisikiliza maelezo ya mume wangu mpaka mwisho, kwa sababu ni mkwewe na mkwe hakatizwi. Kisha akaniambia mimi, kwa Kijaluo, nimshukuru sana, na nimweleze kwamba hatakata nyasi akiwa amefungwa kamba kama mbuzi.

Ndugu yangu mdogo alikuwa na lake. Yeye yuko Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, na kule maisha yake yote ni injini, za kuvuta maji na za kusaga mawe. Mtu akiumwa na kichwa, ndugu yangu atakuuliza kama amebadilishiwa oili.

"Dada, hizo za stima ni toys," aliniambia. "Mathe anataka kitu iko na nguvu. Petroli. Hiyo hata nyasi ikuwe na maji, inakula tu."

Akaazima moja kwa rafiki yake Migori, akaileta imefungwa nyuma ya pikipiki, na Jumapili baada ya kanisa tukasimama wote kuitazama. Alimwonyesha Mama kamba ya kuwashia. Mama akaishika kwa mkono mzuri, akavuta. Injini ikakohoa. Akavuta tena, ikakohoa tena, na mara ya tatu nikaona uso wake ukikunjika kwa maumivu, kwa sababu hata ukivuta kwa mkono mmoja, bega la pili halikubali kuachwa nje. Ndugu yangu akaichukua, akaivuta mara moja tu, na boma lote likatetemeka. Kuku walikimbilia kwa mama mdogo. Moshi wa bluu ukapita juu ya kaburi.

Mama alicheka. Nakumbuka alivyocheka, mkono mdomoni, macho yakimetameta. "Hii," alisema kwa sauti kubwa ili asikike, "hii wanaisikia mpaka barabarani!"

Nilidhani analalamika. Nikaandika moyoni: kelele, hapana.

"Nitakuwa nakuja kukuwashia, Mathe," ndugu yangu alisema alipoizima.

"Utatoka Osiri kila Jumamosi kuja kuvuta kamba?"

Akaanza kuifunga mashine nyuma ya pikipiki. Anakuja nyumbani pale shimo linapomruhusu, na shimo halina kalenda. Mama akampapasa mgongoni akamwambia arudishe mashine ya watu kabla haijaharibika. Pia kulikuwa na suala la mtungi wa petroli kukaa karibu na jiko la kuni, ambalo nililisema mimi, mara kadhaa, bila kuulizwa.

Kwa hiyo mashine mbili zilikuwa zimeshindwa, na mimi nilikuwa hatua moja tu kutoka kwenye ushindi. Ningeweza kukaa kimya. Lakini nina tabia hii, kwamba siwezi kutafuta kitu vibaya kwa makusudi. Mkono wenyewe unakataa. Mteja akiniuliza dawa, nitamtafutia iliyo bora hata kama ninamchukia. Nikaanza kuuliza habari za mashine za betri.

Wakati huo huo nilimleta Mama Homa Bay siku chache atibiwe bega. Nilikuwa na matumaini yangu ya siri kwamba ataizoea nyumba. Alikaa chumba kile, akautazama ukuta, akanisalimia kila nilipopita kana kwamba tuko hospitalini. Siku ya tatu tayari alikuwa amefagia uani kwangu mara nyingi kiasi kwamba udongo ulianza kuisha. Nilimhurumia, nikamchukua twende dukani.

Mwenye duka ni mtu wa Ntimaru, mrefu, mpole, ambaye amekaa kwetu muda mrefu lakini Kijaluo bado kinamshinda, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Mama ana Kiswahili chake cha sokoni, kifupi na chenye ncha.

"Mama, shika hii ya betri," yule mtu alisema. "Sukuma tu. Unaona vile iko mwepesi?"

Mama akaisukuma kati ya magunia ya saruji, akafika mwisho, akageuka, akarudi. Ilikuwa nyekundu, na mpini wake ulikunjika kama wa kigari cha mtoto. Hakuna kamba ya kuvuta. Unachomeka ufunguo mdogo, unabonyeza, unakaza mkono, inaondoka. Betri zilikuwa mbili, ili moja ikifanya kazi nyingine iwe kwenye chaja, na hata stima ikipotea unakuwa ulishachaji jana. Bei yake ilinifanya nisome kisanduku mara ya pili, lakini nilikuwa nimeshajiandaa.

"Nyasi ndefu sana itaisumbua," yule mtu alisema kwa uaminifu. "Hiyo kwanza mpige na slasha. Baadaye mama akate kila wiki, kidogo kidogo, kisu akiweka juu. Akiacha mwezi mzima, betri itachoka."

"Mimi siachi mwezi," Mama alisema.

Akaiwasha. Ikaanza kuzunguka kwa mnong'ono, kama mtu anayechekecha unga chumba cha pili. Mama akainamisha kichwa.

"Sauti yake iko wapi?"

"Hiyo ndio uzuri yake, mama! Hata jirani hawezi jua unakata nyasi."

"Sasa mimi ni mwizi?"

Yule mtu alicheka, nami nikacheka, nikalipa. Kutokujua kwangu siku ile bado hunishangaza, maana Mama alikuwa ameshaniambia mara mbili kwamba anataka kusikika.

Ili nyasi ndefu zisituchoshe, nilimpigia ndugu yangu atangulie. Jumatano akaja na rafiki yake, wakafyeka boma lote, mbele na nyuma, haraka haraka bila kupumzika, kwa sababu alitakiwa Osiri kabla ya jioni. Hakusalimia mtu. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini macho ya wachimba dhahabu ni mekundu daima kwa lile vumbi. Jioni ile ile, mvua ikinyesha, nilimrudisha Mama na mashine yake kwa gari. Kila mlango wa majirani ulikuwa umefungwa, na hakuna aliyetuona tukiingia. Alikunywa dawa ya maumivu niliyompa, akalala fofofo.

Alhamisi nilikuwa na ruhusa ya kazi. Niliamka mapema, nikaona Mama bado amelala, na wazo likanijia la kumfanyia jambo zuri. Nikaamua nikate uwanja wote kabla hajaamka, atoke aukute kama ulivyokuwa siku za baba. Nilisubiri umande ukauke kidogo. Nikajifunga kitambaa kichwani, nikachomeka ufunguo, nikaanza langoni.

Lazima niseme ilikuwa raha. Uzi mdogo wa moshi ulikuwa ukipanda kutoka jikoni kwa mtu, miwa ya ng'ambo ya barabara ilikuwa inang'aa kwa mvua ya jana, na ile mashine ilikwenda mbele yangu ikinong'ona. Nyuma yake nyasi zilibaki sawasawa. Nilizunguka kaburi la baba kwa uangalifu, karibu kabisa na kigae, nikajisikia kumwambia njoo ukague. Sikuwa nimefurahi hivyo kwa muda mrefu.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita barabarani alisimama kwenye ua. Akatazama uwanja, akanitazama mimi na kitambaa changu, akavua kofia. Akaishika kifuani kitambo, kisha akaondoka bila neno. Nikasema moyoni, kumbe mashine hii inaheshimiwa.

Sasa niwaeleze watu wa mbali. Kwetu, boma linapokatwa nyasi lote kwa mara moja, mbele na nyuma, tena katikati ya wiki, kuna sababu moja tu. Tenti zinakuja. Nyasi hukatwa Jumatano au Alhamisi, mwili hutoka mochari Ijumaa, Jumamosi watu wanazika. Hakuna anayehitaji kuambiwa. Na majirani walikuwa wameona nini? Walimwona Mama akipakiwa kwenye gari kupelekwa hospitali Homa Bay. Hawakumwona akirudi. Walimwona kijana wake akija na macho mekundu, akifyeka bila kusalimia. Na asubuhi hii wanamwona binti, kitambaa kichwani, anazunguka boma polepole kwa ukimya mkubwa. Laiti ingekuwa petroli, wangejua ni mashine. Kwa mbali, bila sauti, nilionekana kama mtu anayetembea tu na huzuni yake.

Nilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, niliposikia nduru. Kwetu hicho ni kile kilio cha juu kinachotangaza kifo. Nikaiacha mashine, nikakimbia mbele.

Mama mdogo alikuwa anaingia langoni, leso kiunoni, mikono kichwani, miguu peku.

"Uuuwi! Uuuwi yaye! Umeniachia nani? Nani nitagombana naye mimi! Kuku wangu watakula mboga za nani! Nilikuambia gunda, nikakuambia neno baya, na wewe ukaenda nalo! Uuuwi!"

Nyuma yake kulikuwa na wanawake wengine, mmoja na sukari, mmoja na kikapu cha unga, na wanaume wawili wakiwa na viti vichwani. Mzee wa kofia alikuwa nao. Alinijia moja kwa moja, akanishika bega, akaniuliza taratibu tenti itakaa upande gani.

Kabla sijajibu, mlango ukafunguka. Mama akatoka peku, leso imefungwa juu ya nguo ya kulalia, alama za mto zikiwa bado shavuni. Hakuwaona vizuri wale watu. Alisikia nduru tu. Macho yake yalinitafuta mimi, yakanipata, yakaanza kumtafuta mwingine.

"Ni nani?" aliuliza. "Ni yule wa Osiri? Shimo limemwangukia?"

Nimesikia mengi maishani, lakini sauti ile sitaisahau. Ilikuwa ndogo sana. Nilimkimbilia nikamshika, nikamwambia hapana, hapana, yuko salama, hakuna aliyekufa, ni nyasi tu, nimekata nyasi. Hakunielewa, na sikumlaumu.

Kilio kilikuwa kimenyamaza kama moto uliomwagiwa maji. Mama mdogo aliteremsha mikono kutoka kichwani.

"Si wewe?" akamuuliza Mama.

"Mimi nini?"

"Uliyekufa."

"Nani alikuambia nimekufa?"

Mama mdogo akatazama chini, akaonyesha kwa kidole. "Nyasi."

Mama akautazama uwanja kwa mara ya kwanza. Akautazama kutoka langoni mpaka mlangoni, kisha viti vichwani mwa watu, kisha mimi na kitambaa changu, na nikaona jambo lote likimwingia. Cheko lilianza tumboni kabla halijafika mdomoni. Akakaa kwenye kizingiti.

"Kwa hiyo ulikuwa umelala?" mama mdogo alifoka, machozi bado yanamtiririka. "Mimi nimelia machozi yote haya bure?"

"Yaweke. Yatakufaa baadaye," Mama alisema. "Lakini hebu endelea pale ulipofika. Ulikuwa unasema nani atagombana na wewe."

Mama mdogo akajitupa chini pale pale kwenye nyasi zangu fupi, akafunika uso kwa leso, na sikujua kama analia au anacheka. Mabega yake yalitikisika muda mrefu. Mzee wa kofia, ambaye ni mtu wa methali, akakohoa akasema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja.

"Linakuja," Mama akamjibu, "lakini si leo. Tua kiti, ukae."

Basi wakakaa. Walikuwa na viti vyao tayari. Sukari ya matanga ikaingia kwenye chai, unga ukawa ugali, na mama mdogo akaenda kwake akarudi na kuku, akisema ni yule mwizi wa mboga na amechoka kesi zake. Watu waliendelea kuingia, kila mmoja akianza kulia langoni, na kila mmoja Mama alimwita kwa jina akamwomba amalizie sifa alizokuwa amekuja nazo. Sijawahi kuona mtu akifurahia msiba wake hivyo.

Mchana ndugu yangu alifika juu ya pikipiki ya boda, matope mpaka kifuani, uso umevimba. Alikuwa amepigiwa simu na watu wengi, wote wakimpa pole. Alipomwona Mama na kikombe cha chai mkononi, alishuka akamkumbatia mbele ya watu wote, jambo ambalo wanaume wetu hawalifanyi. Halafu akanigeukia.

"Dada, si nilisema petroli? Ingekuwa petroli wangejua ni mashine!"

Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe karibu na kaburi la baba, nikihesabu nafsini mwangu hoja zangu zote za Homa Bay, na zilikuwa zimekwisha. Nilikuwa nimemwambia Mama kwamba akianguka hakuna atakayejua. Asubuhi ile, hata kabla chai haijachemka nyumbani kwangu mjini, huku boma lilikuwa limejaa. Kule kwangu jirani wa ule ukuta simjui hata sura. Niliona aibu, na ndani ya aibu hiyo kulikuwa na furaha kubwa.

Mama alikuja akakaa kando yangu. "Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema. Akanipa paja la kuku.

Jioni nilijitolea kuirudisha mashine dukani ibadilishwe na ya petroli, kwa ajili ya sauti. Mama akakataa. Kamba ile haiwezi, na hii anaiweza; alikuwa ameshaijaribu uani mbele ya watu wote, akienda na kurudi kwa mkono mmoja na nusu, na ufunguo wake alikuwa ameshaufunga kwenye pindo la leso. Sharti lilikuwa limetimizwa. Lililobaki ni huo ukimya tu.

Mama mdogo ndiye aliyeutatua. Alileta kengele ya ng'ombe wake wa zamani, ya chuma, yenye kutu, akaifunga kwa waya chini ya mpini wa mashine. "Mnyama anayekula nyasi za watu," alisema, "huvishwa kengele." Mama akasukuma. Kolo-kolo-kolo, ikasikika mpaka barabarani.

Sasa ni msimu wa pili. Kila Jumamosi Mama anakata, anaanza langoni anamalizia mlangoni, kisu kikiwa juu kama alivyoelekezwa. Ndugu yangu akija hukagua kisu na kukinoa, huku akilalamika kwamba mashine isiyo na oili si mashine. Kengele ikilia asubuhi, mama mdogo hupiga kelele kutoka ng'ambo ya ua kwamba wengine wanataka kulala, halafu huja kunywa chai. Mimi hupiga simu saa hizo kwa makusudi. Mama haongei, huiweka simu kwenye mfuko wa aproni na kuendelea, nami nasikiliza nikiwa nyuma ya kaunta ya dawa, na mteja akiniuliza ni nini hicho, namwambia ni ng'ombe wetu.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwaona. Nikaona ile kengele imekwangua plastiki ya mashine mpaka nyekundu imetoka, na waya wake umelegea. Mimi na kitu kinachoharibika hatuwezi kukaa chumba kimoja. Nikachukua bisibisi, nikamwambia Mama sasa kila mtu anajua yuko hai, tuiondoe hii kitu tuiokoe mashine.

Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Utaiondoa," alisema. "Siku hiyo mtaiondoa, mkate boma lote, mbele na nyuma, kimya kimya. Hamtahitaji kumpigia mtu simu. Mama mdogo wako atasikia."

Aliendelea na mboga zake. Nikainama na bisibisi yangu, nikakaza ule waya mpaka kengele ikashika vizuri.